Usiazime Jina Lako: Daftari la Balad Limehamia SIMAH

Ukiingia Balad ya Jeddah kwa upande wa Bab Makka, ukateremka na Suk al-Alawi, mpaka leo utakuta duka ambalo mwenyewe anauza kwa daftari. Mteja anachukua kanzu mbili, iliki nusu kilo na bakhuri ya Ijumaa, anasema "andika", na mwenye duka anaandika. Haombi kitambulisho wala sahihi. Dhamana ni kwamba yule mtu anajulikana: mtoto wa fulani, wanakaa mahali fulani, na baba yake alikuwa mtu wa kulipa.

Familia zetu zilizotoka Mombasa, Lamu, Unguja na Pemba hazikuona ajabu kwa hilo, maana ndivyo walivyoishi kwao. Na si sisi peke yetu. Biashara yote ya Balad ilijengwa juu ya jina. Kampuni ya Kiholanzi iliyofungua tawi Jeddah mwaka 1926, kwa ajili ya mahujaji wa Java, ilikuta wafanyabiashara wanakopeshana mali ya meli nzima kwa neno la mdomo. Benki ya al-Ahli, ambayo baadaye ilikuwa kubwa kuliko zote Saudia, ilizaliwa hapa hapa mwaka 1953 mikononi mwa wabadilishaji fedha, na mmoja wao alikuwa Salim bin Mahfouz, Mhadhrami wa Wadi Doan. Ule mnara wake wa pembe tatu, ulioisha kujengwa 1983, bado unaonekana ukisimama ukingoni mwa Balad. Hata Benki Kuu yenyewe, SAMA, ilianza Jeddah mwaka 1952 kabla ya kuhamia Riyadh.

Sasa daftari lile limehama. Halikufutika, limehama. Liko Riyadh, kwenye kompyuta, na linaitwa SIMAH.

Kwa sisi watu wa pwani jina hilo lina kichekesho chake, kwa sababu sima kwetu ni ya kula na samaki. Lakini kwa Kiarabu sima ni alama, ile inayomtambulisha mtu. Ni kampuni ya taarifa za mikopo, iliundwa 2002 na kuanza kazi 2004. Mwaka 2008 ikatolewa sheria kamili ya taarifa za mikopo, inayosema nani anaruhusiwa kuandika habari zako, nani anaruhusiwa kuzisoma, na wewe una haki gani. Mabenki yote ni wanachama. Makampuni ya kukopesha magari na samani ni wanachama. Na hapa ndipo wengi wetu wanapopigwa na butwaa: makampuni ya simu nayo ni wanachama.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa hajakopa benki hata riyali moja maishani mwake, hagusi riba, anaswali jamaa msikitini, watu wa Batha kule Riyadh na watu wa Balad huku Jeddah wote wanamuamini, na bado akaenda kuomba gari la kulipia kidogo kidogo akaambiwa hapana. Anauliza kwa nini. Anaambiwa: una mutaathir, una deni lililochelewa, bili ya simu, riyali mia tatu na kitu, ya miaka minne nyuma.

"Mimi sina laini hiyo!"

Laini anayo. Alimchukulia binamu yake.

Ugonjwa wetu wenyewe

Nimekaa na watu wengi katika mambo haya, na nimefikia rai moja ambayo pengine haitawafurahisha wote. Kinachoharibu rekodi za watu wetu mara nyingi si umaskini wala si uhuni. Ni kuazimana majina.

Tunaazimana majina kama tunavyoazimana sufuria za arusi. Ndugu amekuja kwa viza ya ziara, hana ikama, anataka simu ya kupiga kwao: "Nichukulie laini kwa jina lako." Shemeji mshahara wake mdogo, kampuni ya magari imemkataa: "Andika wewe, mimi nitalipa kila mwezi." Rafiki wa utotoni anataka friji na mashine ya kufulia kwa mafungu, anahitaji mdhamini: "Weka sahihi tu, ni kitu cha karatasi." Na sisi hatuwezi kusema hapana, kwa sababu kwetu kukataa ni kama kumvua mtu nguo mbele za watu. Mama atapiga simu kutoka Mombasa usiku kuuliza umemfanya nini mtoto wa dada yake.

Zamani jambo hili lilikuwa na kinga yake. Ukimdhamini mtu dukani, mwenye duka anakujua wewe na anamjua yeye. Akichelewa, mzee atakuja barazani, atakunywa kahawa, ataanza kwa kuuliza habari za watoto, na mwisho atataja lile deni kwa upole. Watu watakaa, watapatana, mambo yatakwisha. Daftari la karatasi lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na huruma na kumbukumbu. Alijua kwamba mwaka ule uliugua.

Kompyuta haijui kwamba uliugua. Haijui kwamba gari ni la shemeji. Inachojua ni nambari ya ikama au ya kitambulisho, tarehe ya kulipa, na kama malipo yamefika au hayakufika. Ukiwa mdhamini, deni lile linaonekana kwenye ripoti yako pia, kama mzigo ulioubeba. Shemeji akikatika mshahara, wewe ndiye uliyechelewa.

Tena siku hizi kuazima jina kumekuwa kwepesi mno. Zamani ilikuwa lazima uende, ukae, utie sahihi mbele ya watu. Leo mikataba mingi ya kulipia kwa mafungu inakuja pamoja na sanad li-amr, hati ya ahadi ya kulipa, na hati hiyo inatolewa kwa mtandao kupitia mfumo wa Nafith wa Wizara ya Sheria. Unaletewa ujumbe kwenye simu, unafungua Nafath, unagusa nambari mbili zinazofanana na zile ulizosomewa, basi. Umekwisha kusaini. Hati ile ina nguvu ya kupelekwa moja kwa moja mahakama ya tanfidh bila kesi ndefu ya kuthibitisha kama deni lipo. Hakimu wa tanfidh ana uwezo wa kuzuia akaunti ya mdaiwa na kumzuia asisafiri. Nani katika sisi hajasikia habari ya mtu aliyefika uwanja wa ndege na mizigo ya Ramadhani, akaambiwa rudi?

Kwa hiyo binamu akikupigia akakwambia, "Kuna nambari itakuja kwenye Nafath, bonyeza tu," usibonyeze tu. Muulize ni ya nini. Akikasirika mwache akasirike. Na kama anayepiga si binamu bali mtu asiyejulikana anayejiita wa benki au wa posta, mkatie simu. Wapo matapeli wanaoishi kwa nambari hizo mbili.

Najua kuna watakaosema haya ni maneno ya kuvunja udugu. Mimi naona kinyume. Ukitaka kumsaidia ndugu yako, mpe pesa. Mpe riyali mia tano uzihesabu kuwa zimekwenda, zikirudi alhamdulillahi. Mkopeshe wewe mwenyewe, na muandikiane. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sasa sisi tunaona haya kuandikiana na mtoto wa ami, lakini hatuoni haya kumpa jina letu lote aende nalo kwa mtu tusiyemjua. Udugu mwingi niliouona ukivunjika umevunjikia hapo kwenye gari la mafungu. Kwenye riyali mia tano za mkononi sijauona ukivunjika.

Kwa laini za simu kuna jambo la kufanya leo hii kabla ya magharibi. Serikali imeweka huduma inayoitwa Arqami, "nambari zangu", inayokuonyesha nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu 2016 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo hakuna cha kusema sikujua. Ingia uangalie. Usishangae ukikuta laini tatu nne ambazo ulizisahau: ya mgeni wa Umra, ya mfanyakazi wa nyumbani aliyekwisha rudi kwao, ya intaneti ya nyumba mliyohama. Zifunge moja moja, na kama zina bili zilipe, uchukue karatasi ya kuthibitisha.

Wale wa mitaa iliyobomolewa

Habari hii imekuwa nzito zaidi Jeddah kuliko kwingine kwa sababu moja. Kuanzia Oktoba 2021 mitaa ya kusini mwa Balad na jirani zake ilianza kubomolewa: Ghulail, Petromin, Karantina, Sabil na mingineyo. Humo walikaa watu wengi wenye asili ya Afrika na Yemen, na walikaa kwa mapatano ya mdomo. Kodi ilikuwa inapelekwa kwa mkono, mwezi mmoja ukikosa unaomba subira, na mwenye nyumba anakusubiri kwa sababu amekuona tangu mdogo.

Walipotawanyika kwenda mitaa mipya walikuta utaratibu mwingine kabisa. Mkataba wa nyumba unaandikwa kwenye mfumo wa Ejar, na mkataba wa Ejar nao ni hati ya tanfidh, yaani kodi isipolipwa mwenye nyumba anaweza kwenda moja kwa moja kule kule kwenye hakimu wa utekelezaji. Mwenye nyumba mpya hakujui. Hajui baba yako alikuwa nani Ghulail. Sifa ya miaka arobaini imebaki kwenye kifusi.

Hilo ndilo jambo ambalo vijana hawalielewi wanaposema, "Mimi sitaki mambo ya benki, mimi nipo hivi hivi." Ukiwa hivi hivi ndani ya mtaa unaokujua, sawa. Ukitoka nje ya mtaa, huna cha kuonyesha. Nimesomesha sekondari ya misheni miaka mingi, na kila mwaka alikuja mtoto kutoka shule nyingine bila ripoti. Huenda alikuwa hodari kuliko wote, lakini tulimweka nyuma mpaka afanye mtihani, kwa sababu hatukuwa na cha kumpimia. Benki inafanya vivyo hivyo kwa mtu asiye na rekodi. Hamchukii, ila hamwoni.

Alama inavyopatikana

SIMAH humpa mtu alama baina ya 300 na 900. Hesabu zenyewe kampuni inazijua, lakini mambo yanayoingia si siri: kama unalipa kwa wakati, una mzigo wa deni kiasi gani ukilinganisha na ulichoruhusiwa, rekodi yako ina umri gani, na umeomba mikopo mara ngapi karibuni. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Kijana anataka gari, anazunguka makampuni sita kwa wiki moja, kila moja anaipa idhini ya kumchungulia. Kila mmoja akichungulia inaandikwa. Yule wa sita anamwona mtu anayehangaika. Afadhali uulize kwa mdomo kwanza, ulinganishe bei nyumbani, halafu utoe idhini mahali pamoja au pawili. Na jua kwamba bila idhini yako hawana ruhusa ya kufungua ripoti yako. Ndiyo maana kwenye fomu kuna kile kisanduku kidogo cha kutia alama ambacho hatukisomi.

Mshahara si sehemu ya sifa yako kama watu wanavyodhani. Wako wenye elfu ishirini rekodi zao mbovu, na wako wenye elfu nne rekodi zao safi kama theluji ya Taif. Mshahara unaingia kwingine: SAMA imeweka mpaka, kwamba makato ya mkopo yasizidi asilimia 33.33 ya mshahara wa mfanyakazi, na kwa mstaafu asilimia 25. Mwenye riyali 6,000 kwa mwezi basi mwisho wake ni 2,000. Mkopo wa matumizi nao hauzidi miaka mitano. Mipaka hii ni rehema, ila haizuii mtu kujiongezea mzigo kwa njia nyingine: kadi, mafungu ya samani, na zile programu za kununua sasa ulipe baadaye.

Hizo programu, Tabby na Tamara, zimekaa vizuri na kina mama na vijana kwa sababu zinagawa bei mara nne na hazitaji riba. Mavazi ya Idi ya riyali 800 yanakuwa 200, 200. Mimi sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni pale nyumba moja inapokuwa na manunuzi kumi na moja ya mia mbili mbili na hakuna anayekumbuka ipi inadaiwa lini. Ziko chini ya usimamizi wa SAMA, si mchezo wa kitoto, wala mtu asidhani kwamba deni la huko halionekani.

Kadi ya mkopo ndiyo mtego wa zamani. Taarifa inapokuja imeandikwa kiasi chote unachodaiwa, na chini yake kiwango kidogo cha kulipa, mara nyingi asilimia 5. Ukidaiwa 10,000 unaambiwa 500 inatosha. Inatosha kwa benki, ndiyo. Ukilipa hiyo 500 hutaandikwa kuwa umechelewa, lakini lile lililobaki linaendelea kuzaa gharama, na mzigo wako kwenye ripoti unabaki mkubwa vile vile. Kwa anayejilinda na riba jambo ni wazi: lipa yote kabla ya tarehe, au kadi iache.

Je, mtu asiyetaka kukopa kabisa ajengeje jina? Swali hili huulizwa sana na wazee, na nafikiri linastahili jibu la heshima, maana si kila anayeogopa deni ni mshamba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiuliza kwanza kama maiti ameacha deni kabla ya kumsalia. Basi mzee wa namna hiyo anaweza kuanza na laini ya simu ya bili, iliyo kwa jina lake mwenyewe na anayoitumia mwenyewe, na akalipa kila mwezi. Mshahara upite benki moja, asiwe anahamahama. Mkataba wa nyumba uwe kwa jina lake, si la rafiki. Akija kuhitaji gari, achukue kwa murabaha au kwa ijara inayoishia kumiliki, iliyo ndogo kuliko uwezo wake, na aweke agizo benki ili makato yatoke yenyewe siku mshahara unapoingia. Miaka miwili ya namna hii inamtosha kuonekana mtu.

Kitu kimoja hakitamsaidia, nacho ni upatu. Jamiyya yetu, ile ya watu kumi kila mwezi elfu elfu, imeoa watoto na kujenga nyumba Kisauni na Mbweni, na hakuna benki iliyoifikia kwa uaminifu. Lakini haiandikwi popote. Unaweza kucheza miaka ishirini bila kukosa hata mwezi mmoja, SIMAH haikujui. Kuna kampuni ya Kisaudia inayoitwa Hakbah iliyoutia upatu ndani ya simu, chini ya macho ya SAMA. Ya kina mama wetu bado imo kichwani mwa mshika mfuko, na sina hakika kama wanataka itoke huko.

Siku ya kuondoka

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu amepata kharuj nihai, anarudi nyumbani jumla. Wiki ya mwisho ni ya mizigo, mapaja kwa mapaja sebuleni, kuagana na watu. Benki anaiacha ikiwa na riyali arobaini anadhani imekwisha. Kadi anaikata kwa mkasi anadhani ameifunga. Mkasi haufungi kadi. Ada ya mwaka itakuja, haitalipwa, itaongezeka, na baada ya miaka mitatu, akipata viza nyingine ya kazi Riyadh, atakuta deni linamsubiri limenona.

Funga kadi rasmi, na uifunge mapema, kwani benki huchukua muda kabla ya kutoa uthibitisho. Funga laini na intaneti. Funga mkataba wa Ejar. Kila aliyekudai mwombe mukhalasa, yaani barua kwamba mmemalizana na hakudai kitu. Ihifadhi karatasi na picha yake kwenye simu. Halafu fungua programu ya SIMAH, unaingia kwa Nafath ile ile, uone mwenyewe kama kila kitu kimeandikwa kuwa kimefungwa. Fanya hivyo kabla ikama haijafutwa, maana baadaye kuingia kunakuwa shida.

Ukikuta kosa, mathalani deni ulilolipa linaonyesha halijalipwa, usigombane na kijana wa kaunta. Ndani ya mfumo wa SIMAH kuna njia ya kuweka pingamizi. Ambatisha ile mukhalasa. Anayerekebisha ni yule aliyepeleka habari, yaani benki au kampuni, kwa hiyo mwandikie naye kwa maandishi na uchukue nambari ya malalamiko. Wakikuzungusha, peleka kwa SAMA kwenye huduma yao ya "SAMA Tahtam". Watu wetu husema serikali haitasikia mgeni. Malalamiko yenye nambari na karatasi yanasikilizwa, ya mdomo ndiyo yanayopotea.

Na deni la kweli? Lipa, au nenda kabla ya kuchelewa uombe kupangiwa upya. Hata baada ya kulipa, alama ya kuchelewa hubaki kwenye ripoti kwa miaka, ila inaandikwa kuwa imelipwa. Wapo watu mitandaoni wanaojitangaza kwamba wanaweza "kusafisha SIMAH" kwa riyali elfu mbili. Hakuna anayesafisha. Wanachofanya ni kukulipia deni kisha kukuingiza kwenye mkopo mkubwa zaidi wakate ujira wao, au kukimbia na pesa.

Kwa wanaohama ndani ya Ghuba, jueni kwamba kila nchi ina daftari lake. Oman ni Mala'a, chini ya Benki Kuu ya Oman, kwa amri ya kifalme ya 2019. Imarati ni Al Etihad Credit Bureau, nayo hutoa alama baina ya 300 na 900 kama Saudia, lakini alama yako ya Jeddah haitokei Dubai. Unaanza upya. Ndiyo maana ile ripoti na zile mukhalasa ni za kubebwa pamoja na vyeti vya shule.

Kwetu nako si kama zamani. Kenya kuna CRB, na vijana wengi waliingia humo kwa mikopo ya simu ya shilingi mia tano, mpaka 2020 Benki Kuu ilipozuia kuwaandika watu kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka, na aliye Ghuba anaweza kuiomba bila kusafiri. Tanzania nako kuna makampuni ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu. Anayepanga kurudi kujenga kwa mkopo wa benki Mombasa au Dar es Salaam aanze kuangalia huko mwaka mmoja kabla, hasa kama aliacha laini yake ya Safaricom kwa mdogo wake.

Limebaki jambo la msiba, ambalo hatupendi kulizungumza. Mzee akifariki huku, warithi hugawana walichokiona na kungoja wadai waje. Sheria yetu ya dini inajulikana, deni hulipwa kabla ya mirathi. Kisichojulikana na wengi ni kwamba mikopo mingi ya mabenki ya Saudia ina kinga ya kifo ndani yake, na mkopaji akifa salio husamehewa au hulipwa na takaful. Warithi wachukue hasr al-waratha, ambayo huombwa kwa Najiz, waende nayo kila benki na kila kampuni ya mafungu aliyoshughulika nayo marehemu, waulize kwa maandishi: anadaiwa nini, na mkataba wake una kinga au hauna. Zimo nyumba zilizouza shamba Kilifi kulipa deni la baba, na mkataba uliokuwa kwenye droo ya kabati ulikuwa na ukurasa unaosema halidaiwi.